Mgahawa wa Kithai, sahani moja, hukumu mbili: wateja wanabishania nini hasa?

Wateja wawili wanaingia mgahawa mmoja wa Kithai jioni moja. Wa kwanza anaagiza pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga, pamoja na mchuzi wa kijani wa nazi. Akitoka anasema ladha ni ile ile aliyoikuta Bangkok. Wa pili anaagiza som tam, saladi ya papai bichi inayopondwa kwenye kinu. Akitoka anasema hapa wanapikiwa wageni, Uthai haupo. Inawezekana kabisa wote wawili wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja amepima kitu chake.

Ubishi huu haumalizwi kwa kuuliza nani amefika Thailand mara nyingi zaidi. Dawa yake ni kuutenganisha: chakula ni cha jimbo gani, ni cha enzi gani, kiungo gani kimebadilishwa, mpishi amefuata hatua zipi, na nani alitarajiwa kukila. Baadhi ya mambo hayo ni hiari ya mlaji tu. Mengine yakikosewa chakula kinageuka kuwa kingine, hata kama jina limebaki lile lile kwenye menyu.

Uthai wa jimbo gani?

Thailand ina mapishi ya kanda nne zinazotofautiana sana. Bangkok na nyanda za kati hula wali mweupe wa jasmini, hutumia tui la nazi kwa wingi, na hutafuta mizani ya chumvi, uchachu, ukali na utamu wa sukari ya mnazi. Vyakula vingi vya karai na tambi za huko vimetokana na wahamiaji wa Kichina, hasa Wateochew. Isan, ukanda wa kaskazini mashariki unaopakana na Laos, hula mchele wa kunata kwa mkono. Nazi haionekani sana kwenye michuzi yao, uchachu na chumvi vinatawala, na sukari ni kidogo. Kaskazini, upande wa Chiang Mai, wanakula pia mchele wa kunata, pamoja na soseji za sai ua zenye mchaichai na manjano, na khao soi, tambi za mayai katika mchuzi wa nazi zinazohusishwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka Yunnan. Kusini kuna manjano mabichi, pilipili nyingi kuliko kanda zote, na kapi, yaani uduvi uliochachushwa kwa chumvi na kusagwa.

Sasa migahawa mingi ya Kithai nje ya Thailand hupika chakula cha Bangkok. Mtu wa Khon Kaen, mji wa Isan, akiketi hapo atalalamikia sukari kabla mgeni yeyote hajalalamika, na malalamiko yake hayataonyesha kwamba mpishi ameharibu. Yanaonyesha tu kwamba mpishi si wa kwao.

Som tam ndiyo mahali ubishi unapowaka zaidi, kwa sababu jina hilo moja lina saladi mbili zenye tabia tofauti. Ya Bangkok, som tam thai, ina karanga, uduvi mkavu, nyanya ndogo, kunde changa ndefu, ndimu, nampla (maji ya chumvi yanayotokana na dagaa waliochachushwa kwa mwaka mmoja au zaidi) na sukari ya mnazi. Kwa sahani moja huwekwa papai lililochanwa gramu 150 hadi 200, punje 2 za kitunguu saumu, nampla kijiko kikubwa 1 na nusu, ndimu kiasi hicho hicho au kidogo zaidi, na sukari kijiko kikubwa 1. Ya Isan haina karanga wala uduvi, na sukari ni chembe au hakuna. Badala yake kuna pla ra, samaki wa mtoni waliochachushwa kwa chumvi na mchele au pumba zake, na mara nyingi kaa wadogo wa mashamba ya mpunga waliotiwa chumvi. Maji yake ni ya kahawia iliyokolea, na harufu yake hufika mezani kabla ya sahani. Aliyezoea ya pili akiletewa ya kwanza huona amepewa pipi. Aliyezoea ya kwanza akiletewa ya pili hudhani samaki wameoza. Yote mawili yanauzwa Bangkok, pengine kwa mama mmoja na kinu kimoja.

Mfano unaojulikana sana ni Lotus of Siam ya Las Vegas, ya mpishi Saipin Chutima, aliyepata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, mwaka 2011. Kwa miaka mingi mgahawa huo ulikuwa na bufee ya mchana yenye vyakula vya kawaida ambavyo Wamarekani wanavijua, na wakati huo huo menyu yake ilikuwa na vyakula vya kaskazini mwa Thailand. Aliyejisevia kwenye bufee na aliyeagiza kutoka kurasa za kaskazini waliketi chini ya paa moja, wakala chakula cha jiko moja, wakaondoka na habari mbili. Kwa hiyo unaposoma hukumu ya mtu juu ya mgahawa wa Kithai, jambo la kwanza la kutafuta ni alichoagiza. Hukumu isiyotaja chakula chenyewe haina msaada mkubwa.

Uthai wa enzi gani?

Wapo wanaotaka chakula "cha asili, kisichochanganywa". Tuwaeleze kwa heshima kwamba chakula hicho hakipo. Pilipili kali asili yake ni Amerika. Iliingia Asia kwa meli za Wareno katika karne ya 16, muda mfupi baada ya meli zao kutia nanga pwani yetu mwaka 1498, na Wareno walifika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wa wakati huo, mwaka 1511. Kabla ya hapo Wathai walipata ukali kutoka pilipili manga na jamaa zake. Vitamu vya viini vya mayai kama foi thong navyo vina asili ya Kireno.

Pad thai, chakula ambacho dunia nzima hukitumia kupima mgahawa wa Kithai, ni kipya kuliko wazee wengi wanavyodhani. Kilienezwa na serikali ya Plaek Phibunsongkhram, aliyeshika uwaziri mkuu mwaka 1938 na ambaye chini yake Siam ilibadilishwa jina kuwa Thailand mwaka 1939. Kula tambi kulihimizwa kama sehemu ya kujenga taifa, na ufundi wa kukaanga tambi kwenye karai ni wa Kichina. Tambi za Kichina, ukwaju na nampla za Kisiam, na siasa ya miaka ya vita: ndivyo alama ya taifa ilivyopatikana.

Halafu kuna massaman, ambayo msomaji wa Mombasa au Unguja ataitambua kwa pua. Ina iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga, bizari nyembamba, viazi, karanga, tui la nazi na ukwaju, na nyama yake huchemka taratibu hadi iwe laini. Kwa kawaida inahusishwa na Waislamu wa Uajemi na wa nchi za Wamalay waliokuwa katika biashara ya Siam, na imetajwa katika mashairi ya mfalme Rama II. Mteja asiyeijua vyema hutoka akisema, "Hii ni ya Kihindi, wamekosea." Hawajakosea. Massaman inayokosa iliki na mdalasini ndiyo ya kutilia shaka.

Kwa nini menyu zote zinafanana

Si bahati nasibu kwamba mgahawa wa Kithai wa Oslo, wa Dubai na wa Chicago huwa na vyakula kama ishirini vile vile. Wahamiaji wa mwanzo walijifunza mapema ni vyakula gani vinauzika. Kisha serikali yenyewe ikaingia. Mwaka 2002 Thailand ilianzisha mpango ulioitwa Global Thai, ukilenga kuongeza migahawa ya Kithai nje ya nchi kutoka takribani 5,500 hadi 8,000. Paliandaliwa mifano ya migahawa ya ngazi tatu: Elephant Jump ya chakula cha haraka, Cool Basil ya wastani na Golden Leaf ya hadhi ya juu. Mikopo na mafunzo ya wapishi vilipangwa. Wizara ya Biashara ya Thailand ina pia alama ya Thai SELECT inayopewa migahawa iliyokidhi masharti, na mwaka 2014 wakala wa ubunifu wa nchi hiyo ulionyesha mashine yenye vihisio ya kupima kama tom yum au mchuzi wa kijani umefikia kiwango.

Mpango huo umesaidia sana, hilo ni wazi: viungo vimesambaa, wapishi wamepata kazi, na mteja wa mji mdogo Ulaya anapata galangali, mzizi wa jamii ya tangawizi, leo. Ila kiwango kimoja cha tom yum ni kiwango cha watu fulani. Tom yum kung iliandikishwa UNESCO Desemba 2024 kama urithi wa utamaduni, na hata hivyo nyumbani kwao bado inapikwa kwa namna mbili: ya maji angavu, yenye supu ya mchaichai, galangali na majani ya ndimu ya makrut; na ya maji mazito, iliyotiwa pilipili ya kukaangwa na maziwa ya kopo. Mteja anayeona maziwa na kusema "wamewawekea wazungu" amekosea, kwa sababu ni Wathai wenyewe waliozoea kuyatia.

Kiungo kipi kinabadilishika, kipi hakibadilishiki

Mpishi aliye mbali na Thailand hulazimika kubadilisha. Suala ni kujua mahali chakula kinapovunjika.

Mchaichai, galangali na majani ya makrut huvumilia jokofu la barafu: vikigandishwa vikiwa vibichi, hupoteza kidogo tu. Vikikaushwa ni hadithi nyingine. Majani makavu ya makrut karibu hayana harufu, na galangali kavu iliyosagwa huacha ladha ya dawa. Tangawizi haiwezi kusimama mahali pa galangali. Ni ndugu, lakini tangawizi huwasha na ina utamu fulani, na galangali ina harufu ya msonobari na ubaridi. Tom kha, supu ya kuku na nazi, ikitiwa tangawizi itakuwa supu nzuri, ila haitakuwa tom kha. Maganda ya ndimu yaliyoparuzwa yanakaribia kazi ya majani ya makrut bila kuifikia. Marekani wapishi waliyatumia kwa miaka kwa sababu sheria za kuzuia magonjwa ya michungwa na milimau zilibana uingizaji wa majani hayo mabichi. Sukari guru inaweza kushika nafasi ya sukari ya mnazi bila madhara makubwa. Ukwaju kubadilishwa kwa siki au sosi ya nyanya hatukubaliani nako hata kidogo, hasa kwenye miji ambako ukwaju unauzwa sokoni kwa bei ya chini.

Lakini hakuna kiungo kinacholeta zogo kuliko jani la pad kaphrao, nyama ya kusaga iliyokaangwa na pilipili na kitunguu saumu, inayoliwa na wali na yai. Jani lake, kaphrao, ni aina ya mrehani wenye majani yenye vinyweleo, harufu ya karafuu na pilipili, na ukali mdogo ulimini. Si ule mrehani wenye harufu tamu unaotiwa kwenye vikuba pwani, wala si horapha, mrehani wa Kithai wenye ladha ya anisi unaotumika kwenye mchuzi wa kijani. Kaphrao husafiri vibaya: ukikatwa leo, kesho una madoa meusi, na barafu inaumaliza. Kwa hiyo mgahawa mwingi huweka horapha au mrehani wa Kiitalia na kuacha jina lile lile. Mthai akionja anajua kabla hajameza.

Sahani moja iliyopikwa sawasawa huenda hivi. Pilipili 5 hadi 7 na punje 4 za kitunguu saumu hupondwa kwenye kinu, zisisagwe laini. Vipande vikubwa kidogo ndivyo vinavyotoa harufu bila kuungua. Karai linapashwa hadi mafuta yaanze kufuka, mpondo unaingia kwa sekunde 15 hadi 20, kisha nyama gramu 150 iliyokatwakatwa kwa kisu. Nyama ya mashine iliyo laini mno hutoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Nampla kijiko kikubwa 1, sosi ya chaza kijiko kidogo 1 au 2, sukari kijiko kidogo 1. Moto unazimwa, ndipo majani ya kaphrao, mkono mmoja uliojaa, yanatupwa na kugeuzwa mara mbili tatu. Yakiingia mapema yanabaki uzi mweusi usio na harufu. Vitunguu maji, mahindi machanga na pilipili hoho hujazwa na migahawa kuongeza ujazo, na hutoa maji yanayozima karai. Kuhusu kunde changa ndefu, Wathai wenyewe hawajakubaliana. Wengine huziona kama udanganyifu, wengine wamelelewa nazo. Usimhukumu mpishi kwa kunde.

Tui linalokatika ndilo sahihi

Hapa mlaji wa pwani yetu anaweza kupotoka kuliko Mzungu, kwa sababu anaijua nazi. Kwetu mpishi wa mchuzi wa nazi huanza na tui jepesi, kasimele, yaani tui zito, huingia mwishoni, na mwiko hauachi kukoroga ili tui lisikatike. Mafuta yakielea juu, mpishi ameaibika. Basi mtu huyo akiletewa mchuzi wa kijani wenye matone ya mafuta ya kijani yanayong'aa juu, atasema jiko limezembea.

Kwa michuzi mingi ya nazi ya Thailand ya kati, utaratibu umegeuzwa. Kasimele ndilo linaloanza. Kwa watu wanne, ml 200 hadi 250 za tui zito huwekwa kwenye sufuria pana, moto wa wastani, dakika 5 hadi 8, hadi maji yapungue na mafuta yajitenge pembeni. Ndani ya mafuta hayo huingia masala ya kuponda, vijiko vikubwa 3 hadi 4, na kukaangwa dakika 3 hadi 5. Unajua yameiva pale harufu kali ya kitunguu kibichi inapoondoka na harufu ya mchaichai na pilipili inapopanda hadi kukohoza. Nyama inafuata, kisha tui jepesi ml 300 hadi 400, nampla, sukari kidogo, majani ya makrut yaliyochanwa, biringanya ndogo za duara, na horapha mwishoni kabisa. Mchuzi unaotoka si mzito. Unapita kwenye wali na kushuka chini, wala haukai juu kama uji.

Mambo mawili huharibu hatua hii. La kwanza ni tui la kopo lenye vizuizi vya kutengana, kama guar gum na polysorbate 60. Limetengenezwa lisikatike, na halikatiki; mpishi atalichemsha nusu saa bila kuona tone la mafuta. Wajuzi husoma lebo na kuchagua tui lenye nazi na maji peke yake, au huongeza kijiko kimoja au viwili vya mafuta ya nazi ili masala yapate cha kukaangia. La pili ni masala yaliyosagwa kwa mashine yenye maji. Maji hayo hufanya masala yachemke, na mteja anapata mchuzi wenye harufu ya kitunguu saumu kibichi, halafu mpishi anajaribu kuuficha kwa sukari. Ndiyo maana michuzi mingi inayolaumiwa kwa utamu, shida yake ilianzia hatua tano nyuma. Kinu kinaepusha hili, ikiwa mpangilio unafuatwa: chumvi na viungo vikavu vilivyokaangwa kwanza, pilipili kavu zilizolowekwa na kukamuliwa, mchaichai na galangali, vitunguu, na kapi mwisho.

Masala ya kununua si ushahidi wa udanganyifu. Sokoni Thailand kwenyewe yanauzwa kwa kupimwa kutoka kwenye mabeseni, na familia nyingi hununua. Tofauti iko kwenye kuyakaanga. Ya kopo na ya ndoo mara nyingi yana chumvi nyingi, kwa hiyo nampla hupunguzwa hadi mpishi aonje.

Tahadhari moja: si kila tui la Kithai hukatwa. Tom kha likichemka kwa nguvu hadi likatike, hilo ni kosa, hapo jicho la pwani liko sahihi.

Tambi zilizolegea na moto uliopungua

Pad thai inayokuja ikiwa bonge moja imekosewa sehemu mbili. Tambi kavu, za upana wa milimita 3 hadi 5, gramu 100 kwa sahani, hulowekwa kwenye maji ya kawaida dakika 30 hadi 45 hadi zipindike bila kukatika zikiwa bado na ugumu. Hazichemshwi. Zitamalizia kuiva karaini kwa kunyonya mchanganyiko wa ukwaju, nampla na sukari ya mnazi, kila kimoja takribani kijiko kikubwa 1 na nusu. Zikichemshwa kabla, hazina nafasi ya kunyonya chochote, mchuzi unabaki nje na tambi zinavunjika.

Kosa la pili ni wingi. Karai moja ni la sahani moja, nyingi sana mbili. Jiko linalopika sahani sita kwa pamoja hupoteza joto, choroko zilizochipua hutoa maji, na kila kitu kinachemka. Mgahawa ule ule, mpishi yule yule, utatoa pad thai nzuri Jumanne saa kumi jioni na mbovu Ijumaa saa mbili usiku. Wateja wa siku hizo mbili hawatakubaliana kamwe, na wote watakuwa wakweli.

Pilipili na sukari ni mali ya mlaji

Kwenye duka la tambi Thailand, mezani pana vichupa vinne: sukari, pilipili kavu ya kusagwa, siki yenye vipande vya pilipili, na nampla, mara nyingi na pilipili ndani. Mpishi huleta bakuli likiwa katikati ya ladha, na mlaji humalizia. Ndiyo, Mthai huongeza sukari kwenye tambi zake. Kwa hiyo anayeonja mara moja bila kugusa vichupa na kusema "haina ladha" amehukumu kazi iliyoishia nusu, na mgahawa usioweka vichupa hivyo mezani nao una lawama yake.

Ukali unabadilishika kwenye vyakula vinavyopikwa sahani kwa sahani, kama som tam na pad kaphrao: unaomba pilipili moja au kumi. Kwenye mchuzi wa nazi haiwezekani kupunguza, pilipili imo ndani ya masala yaliyopondwa asubuhi. Anayesema "niwekee mchuzi mwekundu usio mkali" hupewa masala machache na tui jingi, na ladha nyingine zote zinashuka pamoja na ukali. Afadhali aagize massaman. Vilevile namba za ukali kwenye menyu, 1 hadi 5, hazina kiwango cha pamoja. Kila jiko lina zake, na wahudumu wengi nje ya Thailand hushusha daraja moja au mbili wakimwona mgeni. Ukitaka kikweli, mwambie mhudumu mapema kwamba sahani haitarudishwa. Sahani zilizorudishwa ndizo zilizowafundisha kushusha.

Vijiti si kipimo. Wali na michuzi Thailand huliwa kwa kijiko mkono wa kulia na uma wa kusukumia, mchele wa kunata kwa vidole, vijiti kwa tambi za supu. Na vyakula huwekwa katikati, kila mtu akichota kidogo juu ya wali wake. Mteja anayekula bakuli zima la mchuzi wa kijani peke yake ataona chumvi imezidi, kwa sababu ulipikwa uende na wali wa watu kadhaa.

Nani ana haki ya kusema, na suala la halali

Mwaka 2010 David Thompson, Mwaustralia ambaye mgahawa wake Nahm wa London ulikuwa umepata nyota ya Michelin, alifungua Nahm ya Bangkok. Baadhi ya waandishi wa chakula wa Thailand walichukizwa waziwazi: mgeni vipi anawafundisha wenyeji chakula chao? Hasira hiyo inaeleweka. Lakini Thompson alikuwa akipika kutoka vitabu vya kumbukumbu vinavyogawiwa kwenye mazishi ya Kithai, ambamo familia huweka mapishi ya marehemu, na mengi kati ya mapishi hayo yalikuwa yamepotea majikoni. Sisi tunaona pasipoti ya mpishi haisemi kitu. Mthai asiyefundishwa huharibu pad kaphrao kama mtu mwingine yeyote.

Kwa wasomaji wa Zanzibar, Muscat au Dubai, kuna shutuma nyingine inayosikika: kwamba mgahawa usio na nguruwe umepunguza Uthai. Si kweli. Mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat, kusini mwa Thailand, ina Waislamu wengi, na vyakula vyao ni vya Kithai kikamilifu. Khao mok kai, wali wa manjano na kuku unaoliwa na mchuzi wa kijani wa mnanaa na pilipili, ni jamaa wa karibu wa biriani. Satay za kuku na roti za ndizi zinauzwa mitaani Bangkok na Waislamu. Cha kuuliza mgahawani si nampla wala kapi, ambavyo ni samaki na uduvi, bali soseji, mafuta ya kukaangia na supu ya mifupa.

Ukitaka kuupima mgahawa mwenyewe

Agiza vyakula vitatu ambavyo haviwezi kujificha. Mchuzi wa kijani, utazame mafuta juu na uzito wake. Pad kaphrao, unuse jani kabla ya kuonja. Som tam, usikilize kama kinu kinasikika jikoni. Papai lililochanganywa kwenye bakuli halina michubuko na halinyonyi ndimu, maji yote yanabaki chini ya sahani. Acha pad thai kama hukuenda saa tulivu. Angalia kama kuna ukurasa wa menyu ulioandikwa kwa Kithai au ubao ukutani, uulize mna nini humo. Mara nyingi pla ra, khua kling (nyama kavu iliyokaangwa na masala makali ya kusini) au nam phrik (pilipili ya kuponda ya kuchovea) vimekaa hapo bila tafsiri. Uliza mpishi ametoka wapi Thailand, kisha agiza cha kwao.

Na kabla ya kuagiza pad kaphrao, uliza kama kaphrao yenyewe imefika leo. Jikoni panapojibu "leo hakuna, tuna horapha" wanajua wanachopika, na hapo unaweza kuagiza kuku wa horapha kwa jina lake.